Fimbo ya Tangi Lililolala

Karakanani, 4 Februari

Mpwa wangu,

Huku tu wazima, isipokuwa wale wanaopenda kuugua ili watembelewe. Mguu wa mama yako umepoa. Sasa anakwenda dukani mwenyewe na kurudi na habari za mtaa mzima, sukari kaisahau. Binamu yako mkubwa amepata mtoto wa tatu. Mdogo bado hajapata akili. Ukinijibu, andika kama hivi. Simu za siku hizi zinanong'ona, na mimi sina siri na mtu hata ninong'onezwe.

Sasa jambo lenyewe. Juzi fundi viatu wa hapa jirani kaniuliza, "Yule binti wa dada yako anasomea nini huko chuoni?" Nikamjibu hisabati. Akakaa kimya, ananitazama. Kumbe alidhani sijamaliza sentensi.

Nimelala na aibu hiyo siku tatu. Mtoto wake anasomea udaktari, akirudi ni daktari. Yule wa mwenye duka anasomea sheria, akirudi atakuwa balaa, lakini balaa lenye jina. Wewe ukirudi utakuwa nani? Kuna mtu ataamka asubuhi ameshika kiuno, aseme jamani niitieni mhisabati?

Mimi shule niliiacha darasa la saba. Mwalimu wa hesabu aliniambia nitakuwa mbeba mizigo, na kweli nilibeba, miaka miwili. Halafu nikajifunza kuchomelea kwa kumtazama fundi ambaye hakutaka nimtazame. Leo nusu ya matangi unayoyaona mji huu yametoka mikononi mwangu. Hesabu yangu inafanya kazi, haikai kwenye daftari ikisubiri kupewa alama.

Nikupe mfano. Hospitali ina tangi langu la dizeli, la jenereta, lita elfu nne. Na fimbo ya kupimia nimewatengenezea mimi: unaitumbukiza mpaka chini, unaitoa, unatazama mafuta yameishia alama gani. Robo, nusu, robo tatu, limejaa. Mwaka jana lori lilikuwa likija fimbo ikisema imebaki robo. Yaani elfu moja ndani, nafasi ya elfu tatu. Lakini mtunza jenereta, yule tunayemwita Moshi, akawa anasaini kwamba zimeingia elfu tatu na mia mbili na kitu. Zimeingia wapi, mfukoni? Mganga mkuu akaniita. Nikaandika kwa mkono wangu kwamba fimbo yangu haidanganyi, barua ikasomwa uwanjani mbele ya wafanyakazi wote, na mimi nikasimama nikasema kwa mdomo wangu: huyu ni mwizi. Januari kafukuzwa. Hiyo ndiyo hesabu, mama. Inamkamata mtu.

Ukimaliza mwezi wa sita, uje karakanani. Meza nimeshaichomelea, ya chuma, haitikisiki. Nataka mtu wa kuongea na wateja na kuandika oda, mimi nishike mashine. Nijibu kabla Juni haijaisha.

Mjomba wako


Bweni la wasichana, 27 Februari

Mjomba, shikamoo.

Nimechelewa kwa sababu ya mitihani, ile inayosubiriwa na daftari. Nafurahi mguu wa mama umepoa. Mimi ni mzima, chumba tunalala wanne, dirisha moja, na mwenzangu mmoja anakariri kwa sauti mpaka nimeijua biolojia bila kuisomea.

Umeniuliza nitakuwa nani. Wa mwaka jana waliomaliza darasa letu nimewahesabu. Mmoja yuko kampuni ya bima, anakadiria watu wa umri fulani watakufa wangapi mwaka ujao, ili kampuni ijue imtoze nini kila mmoja. Wawili wako benki, si wa kuhesabu noti, bali wa kupima nani akikopeshwa atatoroka. Mmoja yuko hali ya hewa. Mwingine anaandika programu za kompyuta, anavaa kandambili kazini na hakuna anayemuuliza. Wanne ni walimu, na najua utawacheka hao kwanza. Kuna takwimu, kuna uhandisi ukiongeza miaka miwili, kuna ofisi ya vipimo inayokagua mizani na pampu za mafuta. Mjomba, mhisabati haitwi mtu akiumwa kiuno. Anaitwa watu wakiwa hawajui kwamba wanaumwa.

Fundi viatu mwambie hivyo, kama atanyamaza muda wa kutosha.

Kuhusu meza, ahsante. Nitakujibu kabla ya Juni.

Lakini nina swali. Hilo tangi la hospitali, limesimama au limelala? Na hizo lita zilizozidi zilikuwa ngapi, kila mara lori lilipokuja? Niandikie namba zenyewe, usiniandikie "na kitu". Wewe si mtu wa "na kitu".

Mpwa wako


Karakanani, 15 Machi

Mpwa wangu, marahaba.

Barua yako nimemsomea mama yako. Kacheka pale pa kandambili, nikamuuliza anachochekea ni nini, mtoto kasoma miaka kumi na sita aje avae kandambili. Mjukuu mpya anaitwa kwa jina langu, analia kama mashine ya kukatia bati.

Kazi zako nimezipitia moja moja. Wa bima anahesabu wafu kabla hawajafa, huyo tunamwita mchawi, tofauti ni tai. Wa benki anatafuta watakaotoroka. Angekuja kwangu ningemtajia kwa majina. Wa hali ya hewa wiki iliyopita katuambia jua, bati zangu zimelowa zote. Walimu wanne nawapa pole. Na hao wa vipimo nawajua. Wanakuja sokoni na sanduku la mawe ya mizani, wanampima muuza nyama, wanaondoka na nyama.

Tangi limelala. Walitaka lilale kwa sababu paa la banda la jenereta ni fupi. Kipenyo sentimita mia na arobaini. Matangi ya kulala nimeanza kuyatengeneza miaka minne tu iliyopita, zamani yangu yote yalikuwa ya kusimama. Fimbo ni ile ile, naigawa sawa kwa sawa, mara nne, kwa msumeno. Kila robo sentimita thelathini na tano.

Lita zilizozidi: Machi mwaka jana mia mbili kumi na nane. Julai mia mbili ishirini na moja. Novemba mia mbili kumi na saba. Nimezitoa kwenye barua yangu ya hospitali, nakala ninayo. Umeridhika? Au na wewe unataka kumtetea Moshi? Alikuwa analia pale uwanjani. Mwizi akikamatwa ana machozi mengi kuliko aliyeibiwa.

Na swali langu hujalijibu.

Mjomba wako


Bweni la wasichana, 21 Machi

Mjomba, shikamoo.

Leo salamu ni fupi, utanisamehe. Wote nawasalimu.

Wewe unajua namba, basi zitazame hizo tatu. Mia mbili kumi na nane, ishirini na moja, kumi na saba. Mwizi gani anaiba mara tatu kwa mwaka, kipimo kile kile, anapishana na nafsi yake kwa lita tatu nne? Mwizi hana rula, Mjomba. Anayeiba kwa rula ni fimbo.

Tangi lililosimama ni sawa chini mpaka juu. Ukiigawa fimbo mara nne, umeyagawa na mafuta mara nne. Lililolala ni jembamba chini, linapanuka katikati, linakuwa jembamba tena juu. Robo ya kwanza ya fimbo yako imo pale kwenye wembamba. Nimepiga hesabu: mafuta yakifika alama ya robo, ndani hamna lita elfu moja. Zimo mia saba themanini na mbili. Zilizopungua ni mia mbili kumi na nane. Lori likija kulijaza, lazima ziingie elfu tatu mia mbili kumi na nane. Moshi alisaini alichokiona.

Usiniamini mimi. Mimi ni mtu wa daftari. Chukua pipa la lita mia mbili, lilaze, toboa tundu juu, ulijaze kwa ndoo ya lita ishirini mpaka maji yafike robo ya kimo. Fimbo yako itakuambia umemimina ndoo mbili na nusu. Hesabu ndoo.

Mpwa wako


Bweni la wasichana, 30 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Siku arobaini sijapata jibu. Mama anasema barua ilifika, uliisoma umesimama, ukaitia mfuko wa ovaroli, ukaenda kukata bati ambalo halikuwa na oda.

Sikuandika ili kukuvunjia heshima. Ungenipigia kelele ningejua la kufanya. Huu ukimya ndio sijausomea.

Habari yangu ni kwamba niliitwa kwenye usaili wa ofisi ya vipimo. Wale wa nyama. Walikuwa watatu mezani, na mwenyekiti akaniuliza, "Binti mwenye alama hizi unataka kuja kupima mizani ya vitunguu, umekosa kwa kwenda?" Nikamwambia namjua mtu aliyefukuzwa kazi na fimbo. Wakaacha kuandika. Wakataka kujua ni wapi. Nikasema ni mji mmoja, na kuna mtu anayestahili kulisema mwenyewe kabla yangu.

Wamenichukua. Naanza mwezi wa nane, na mji wenu uko kwenye orodha ya ofisi yetu. Nikifika nitaikuta hiyo fimbo, na nitaiandika. Sitaweza kuipita kwa sababu ni ya mjomba.

Wewe ulinipa mpaka Juni nikujibu. Na mimi nakupa mpaka Juni hiyo hiyo.

Mpwa wako


Karakanani, 12 Mei

Mpwa wangu, marahaba.

Huku tu wazima. Mama yako anakusalimu. Mjukuu ameota jino. Binamu yako mdogo kapata kibarua cha wiki mbili, kakiacha siku ya nne, anasema msimamizi hana adabu. Fundi viatu amepaka duka lake rangi ya kijani, linatia kichefuchefu. Kazi ziko, nimemaliza matangi mawili ya maji, ya kusimama.

Sina jipya.

Ndoo yangu ya lita ishirini imepasuka, nimenunua nyingine.

Mjomba wako


Bweni la wasichana, 20 Mei

Mjomba, shikamoo.

Pole na ndoo. Imepasuka yenyewe, au imerushwa?

Mpwa wako


Karakanani, 24 Juni

Mpwa wangu, marahaba.

Imerushwa.

Nilikata tundu kwenye pipa kuukuu, nikalilaza kwenye matofali, nikasawazisha kwa pimamaji, maana ungekuja kuniambia lilikuwa limeinama. Nikamimina ndoo ya kwanza. Nikamimina ya pili, taratibu. Maji yakagusa alama ya robo, na kwenye ndoo bado kuna kama lita moja. Mbili zenyewe hazikuisha. Nikasema ndoo hii ni mbovu, si ya lita ishirini. Nikaazima ya fundi viatu. Ile ile. Nikaazima ya mama yako, akaniuliza naosha nini. Ile ile. Hapo ndipo ndoo ya kwanza ilipokwenda ukutani, na haikuwa na kosa lolote.

Miaka ishirini na sita nachomelea matangi. Nimeingia ndani ya tangi lililolala, nimejikunja humo na taa, magoti yananiambia chini ni pembamba. Nikatoka nikakata fimbo kama ya tangi lililosimama, kwa sababu mkono ulishazoea. Ukisikia mtu anajisifu uzoefu, muulize amezoea nini.

Nilikwenda kwanza kwa mganga mkuu. Nikamweleza, nikamchorea. Akatazama mchoro kama mtu anayetazama picha za watoto wa watu, akasema, "Kumbe ni kosa dogo tu la kiufundi." Nikamwambia ni dogo kwako, hukufukuzwa wewe. Akasema atalifikiria suala hilo. Yule hufikiri kwa makalio, kadiri anavyokaa ndivyo anavyofikiri.

Basi nikaenda kwa Moshi. Sasa anaziba pancha za baiskeli kando ya barabara, beseni la maji mbele, watoto wanamwita fundi. Nikamwambia nimekuja kwa habari ya tangi. Hakuinua kichwa. Akasema kitu. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia, rudia, magari yanapiga kelele.

Magari hayakuwepo, mpwa wangu. Barabara ilikuwa tupu.

Simu hazinong'oni. Mashine zimeniondolea masikio, la kushoto limekwenda lote, la kulia linakwenda. Ile meza ya chuma niliichomelea kwa ajili hiyo. Nilitaka mtu wa kusikia wateja kwa niaba yangu, nikaona rahisi zaidi kuicheka hisabati yako kuliko kusema hivyo. Sasa umejua, na usimwambie mama yako, atanipigia kelele nitasikia.

Nikampa Moshi kalamu. Akatoa karatasi mfuko wa shati, barua ya kufukuzwa, anatembea nayo mpaka leo, imechakaa mikunjoni. Akaandika nyuma yake: "Uliniita mwizi uwanjani. Kanisafishe uwanjani." Akarudia kuziba pancha yake.

Jumatatu nilifika hospitali wakati wafanyakazi wamekusanyika kupangiwa zamu. Sikuomba ruhusa. Nilipeleka pipa, ndoo na fimbo kwa mkokoteni. Nikawaambia mwaka huu nilisimama hapa nikasema fimbo yangu haidanganyi, na Moshi ni mwizi. Fimbo imedanganya, na aliyeikata ni mimi. Nesi mmoja akacheka. Nikamwambia cheka, mama, lakini hesabu ndoo. Akaja akamimina yeye mwenyewe. Masikio yamekwenda lakini sauti ninayo, wamesema nilisikika mpaka wodi ya wazazi. Moshi alikuwa nje ya uzio na baiskeli ya mtu. Nilipomaliza nikamtafuta, alishaondoka.

Matangi ya kulala niliyotengeneza ni kumi na moja. Kumi na moja, na kila moja lina fimbo yake, na sijui kuna kina Moshi wangapi. Nimezivunja tatu. Nitumie alama zilizo sawa, kwa sentimita, usiniwekee herufi za chuo.

Mjomba wako


Chumba cha kupanga, 3 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Nimehama bweni. Nina chumba chenye mlango wangu, na jirani anayepiga kinanda vibaya. Kazi nimeanza juzi. Sijapewa nyama.

Ndani ya bahasha kuna karatasi kumi na moja, moja kwa kila tangi, kwa vipenyo ulivyonitumia kupitia kwa mama. La hospitali ni hili: robo iweke sentimita arobaini na moja na milimita saba, si thelathini na tano. Nusu iache sabini, hiyo ilikuwa sahihi siku zote. Robo tatu iweke tisini na nane na milimita tatu. Za katikati nimeziandika zote, kila lita mia. Utaona hazilingani. Usizilazimishe.

Muhuri wa ofisi sitakupigia mimi. Ndugu hakagui ndugu. Atakuja mwenzangu, mwembamba, ana miwani, haongei sana. Atakufaa.

Meza yako siji kuikalia, Mjomba. Hilo ndilo jibu uliloomba kabla Juni haijaisha, nimelichelewesha kwa sababu nilijua unalijua. Lakini mtu wa kusikia wateja unamhitaji, na anayesikia vizuri jenereta ikikosa pumzi anaweza kusikia mteja. Fikiri, na usifikiri kama mganga mkuu.

Kuhusu masikio, mama anajua tangu mwaka juzi.

Mpwa wako


Karakanani, 19 Agosti

Mpwa wangu, marahaba.

Huku tu wazima. Mama yako nimemuuliza, kasema kweli anajua, na kwamba miaka miwili amekuwa akinitukana nyuma ya mgongo bila wasiwasi. Mjukuu sasa ana meno mawili, ameshaniuma.

Mwenzako wa miwani alikuja. Alipima fimbo zote kumi na moja kwa rula yake, akapiga muhuri, hakusema neno hata moja, nikamwona ni mtu wa maana. Chai nilimpa, akaikataa. Sijui ofisi yenu inakwenda wapi.

Hospitali wamemrudisha Moshi tangu tarehe moja. Nilimpelekea fimbo mpya mwenyewe. Aliitumbukiza, akaitoa, akaisoma. Akaifuta kwa kitambaa. Akaitumbukiza tena, akaisoma tena, akaandika kwenye daftari lake, halafu akaingia bandani akafunga mlango. Hakunisalimia. Habari ya meza nilikuwa nimeitengeneza njia nzima jinsi ya kumwambia, nikarudi nayo. Nitairudisha wiki ijayo. Ana haki ya kunifungia mlango hata mara tatu, nami nitahesabu.

Jana fundi viatu kaniuliza tena, yule binti wa hisabati amepata kazi gani? Nikamwambia: kazi ya kuwaaibisha wajomba. Akakaa kimya, ananitazama, anadhani sijamaliza sentensi.

Nikamwambia nimemaliza. Na zamu yake itafika, maana nimeona anavyopima nyayo za watu kwa kamba.

Mjomba wako